Aliyejibanza Koridoni

Kanuni mpya zilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, karatasi nne zilizoshikwa kwa pini, na Mama Jengo alizisoma zote akiwa amesimama juani. Hakuvuka shule ya msingi, lakini alichokisoma alikisoma kweli, kidole chini ya mstari, akirudi nyuma kila alipokwama. Alichoelewa ni hiki: kila jengo la biashara liwe na njia ya kutokea nyuma iliyo wazi, isiyo na mtu wala mzigo, moto ukizuka watu wapate pa kukimbilia, kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi ulioandikishwa ofisini, na mwenye jengo atakayekutwa na mpangaji asiyeandikishwa, jengo lake litafungwa mpaka mambo yanyooke.

Neno "litafungwa" ndilo lililomkaa kooni.

Jengo lenyewe halikuwa la kutia watu wivu. Lilikuwa na vyumba vitano vya maduka vilivyopangana, bati juu na baraza ya saruji mbele. Marehemu mumewe alivijenga kimoja kimoja kila alipopata mifuko ya saruji, ndiyo maana hakuna madirisha mawili yaliyolingana. Lakini ndilo lililomlisha tangu alipobaki peke yake. Katikati, baina ya chumba cha fundi cherehani na cha kinyozi, ilipita korido nyembamba hadi mlango wa nyuma, na ndani ya korido hiyo, mwaka wa kumi na mmoja sasa, aliketi fundi viatu.

Watu walimwita Kisigino, na yeye aliitika. Hakuwa na karatasi yoyote. Marehemu alimpa mkono tu: kaa hapa, fungua mlango wa nyuma asubuhi, ufunge jioni, fagia baraza, mwisho wa mwezi nipe kile Mungu alichokujalia. Mkataba wao ulikuwa huo. Na marehemu alipovimba mguu kwa ugonjwa wa sukari, viatu vyote vikamkataa, ni Kisigino aliyempima kwa uzi akamshonea kiatu kilicho wazi juu, chenye mpira pembeni. Mguu ulipozidi kuvimba alikifumua akakishona upya, na baadaye tena. Mama Jengo alipomuuliza ujira wake, alijibu bila kuinua uso, "Mama, mguu wa mzee ni mguu wa baba yangu. Hebu nisogezee huo mkasi."

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba Mama Jengo, baada ya kusoma zile karatasi, angekwenda moja kwa moja kwenye dirisha la halmashauri kuuliza: nina mtu wangu wa miaka mingi, hana mkataba, na anakaa penye njia, nifanyeje? Hakwenda. Alikuwa mwanamke mwangalifu, wa kujaribu kila kufuli mara mbili kabla ya kulala, na katika maisha yake hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kubisha mlangoni kwake akiwa na jambo jema. Badala yake alikwenda kwenye kikao cha wenye majengo.

Kikao kilikuwa kwa Mzee Orofa, aliyepewa jina hilo kwa sababu jengo lake lilikuwa na orofa tatu na hakuacha mtu asahau.

"Sikilizeni niwafungue macho," alisema Mzee Orofa, akijipepea kwa gazeti. "Mpangaji asiye na karatasi ni kosa lako wewe mwenye jengo. Lakini mtu aliyejibanza mwenyewe, bila ruhusa, hilo kosa ni lake. Mkiulizwa mnasemaje?"

"Amejibanza," wakaitikia baadhi yao kwa kicheko.

"Sijawasikia!"

"Amejibanza!"

Mama Jengo hakucheka. Wala hakuondoka. Alirudi nyumbani na lile neno kinywani kama mtu aliyepewa kidonge cha kumeza baadaye.

Mkaguzi alifika siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Alikuwa binti wa umri wa kuolewa, kiatu chake kimeliwa upande mmoja, ubao wa kuandikia kwapani, na nyuma yake askari wawili wa halmashauri na gari. Alisalimia kila mtu. Alipima upana wa baraza, akahesabu milango, akachungulia kwa kinyozi, ambaye alijitia kunyoa kichwa kisichobakiwa na unywele hata mmoja. Kisha akafika koridoni.

Kisigino alikuwa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu magotini, misumari midogo imepangwa baina ya midomo kama kawaida yake.

"Na huyu, mama?" aliuliza mkaguzi.

Mama Jengo alijibu upesi. "Huyo amejibanza tu."

Nyundo ikasimama hewani.

Mkaguzi alimtazama, akatazama rafu ya viatu iliyopigiliwa ukutani, na kalenda tatu za miaka iliyopita zilizotundikwa moja juu ya nyingine. Akashusha sauti. "Mama, kama ni mpangaji wako, hata wa maneno matupu, niambie tu. Kuna utaratibu wake."

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Lakini Mama Jengo aliuona ni mtego. Watu wa ofisi wanapoongea taratibu, alijiambia, ndipo wanapokunasa. Akaona vyumba vitano vimepigwa kufuli. Akajiona kwa binti yake mjini, kwenye kiti cha pembeni, akingoja kuulizwa kama ameshiba.

"Simjui," alisema. "Mungu ni shahidi yangu."

Hakuna aliyemwomba amtaje Mungu. Lilimtoka lenyewe.

Kisigino alianza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiiweka kwenye kibati. Ilikuwa saba au minane, na kila mmoja ulilia ulipoanguka. Alipomaliza alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Ni kweli, dada," alimwambia mkaguzi. "Nimejibanza. Mama wa watu hana habari."

Askari hawakuwa wakali. Walikuwa wepesi tu. Mtu aliyejibanza kwenye njia ya dharura huondolewa papo hapo na vitu vyake, ndivyo kanuni ilivyosema. Walibeba cherehani yake ya ngozi, kile chuma chenye umbo la mguu, nyundo, makopo ya gundi, na viatu vyote vilivyokuwa rafuni, vizima na visivyo na soli, wakavisukumia kwenye magunia mawili, na rafu yenyewe wakaing'oa. Mkaguzi alimpa Kisigino karatasi: siku saba, vitu vikikosa mwenye uthibitisho wa mahali halali pa kazi, vitapigwa mnada.

"Hivyo viatu si vyangu," alisema Kisigino. Ni hilo tu alilolalamikia. "Ni vya watu."

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akafagia vipande vya ngozi vilivyobaki sakafuni. Alipopita mbele ya Mama Jengo alisema, "Haya, mama mwenye jengo." Kila siku alimwita mama, basi. Sasa alikuwa ameongezewa cheo.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, futi shingoni, ameyaona yote. Alikuwa mwanamke asiyeweza kumeza neno hata angefungwa mdomo kwa uzi wake mwenyewe.

"Mama Jengo," alisema, "mimi je? Unanijua, au nami nijiandae?"

Kinyozi alicheka, kisha akaona uso wa mama akanyamaza.

Siku ya pili yake wenye viatu wakaanza kuja. Hilo Mama Jengo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alijipanga kwa ajili ya mkaguzi, hakujipanga kwa ajili ya mhudumu wa hospitali aliyesimama koridoni na malapa, zamu inaanza saa moja, akiuliza viatu vyake vyeupe viko wapi. Alikuja mlinzi wa benki. Alikuja mama mmoja mjamzito aliyeacha kiatu kimoja cha kulia na kubeba cha kushoto kwenye mfuko. Wote walitazama ukuta mtupu wenye matundu ya misumari, kisha wakamgeukia mwenye jengo.

"Fundi amekwenda wapi, mama?"

"Halmashauri wamemtoa."

"Kwa nini? Si alikuwa hapa miaka yote?"

"Kanuni mpya," alijibu, na kanuni mpya ikabeba lawama zote, na watu wakatikisa kichwa wakalaani serikali, na yeye akasimama pale akiwasikiliza wakimpa pole. Wakampa pole yeye! Pole zile zilimchoma kuliko matusi. Mlinzi wa benki alimshika hata mkono.

Fundi cherehani alikuwa akisikiliza kutoka ndani huku mashine inakwenda. Kila mtu alipouliza "kwa nini?", mashine ilisimama kidogo, ikangoja jibu, kisha ikaendelea.

Siku ya Alhamisi wanawake wa kikundi cha sala walikutana nyumbani kwa Mama Jengo kama ilivyo desturi yao, na ni yeye aliyekuwa akiongoza tangu zamani, kwa sababu sauti yake haikutetereka. Alifungua kitabu. Alifika pale sala inapoanza kwa kumwita Mungu, na jina lile likagoma. Lilikuwa jina lilelile. Alilitumia Jumatatu koridoni, na sasa halikutaka kutoka mpaka aulizwe alilifanyia nini.

"Ongoza wewe, dada," alimwambia jirani yake. "Koo linaniwasha."

Huo ulikuwa uongo mwingine, na aliusema kitabu kikiwa mkononi. Wenzake walipoondoka alikaa na vikombe vya chai vilivyopoa mbele yake, ameshika tama, akitafuta njia ya kulimaliza jambo bila kulisema. Aliipata. Ijumaa asubuhi alimwita fundi cherehani, akampa bahasha.

"Mpelekee Kisigino. Mwambie anunue cherehani nyingine, na nyundo. Asiseme imetoka kwangu."

"Atasema imetoka mbinguni?"

"Peleka tu, mwanangu. Nakuomba."

Fundi cherehani alirudi kabla ya saa sita, bahasha ikiwa mkononi vilevile, haijafunguliwa. Kisigino, alisema, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, akiwaomba wateja radhi kwa viatu alivyovipoteza. Kwa mhudumu wa hospitali alipigiwa kelele mpaka majirani wakatoka.

"Akasemaje kuhusu bahasha?"

"Akasema hivi, namnukuu: 'Mwambie mama mwenye jengo, cherehani inanunuliwa dukani. Viatu vya watu vinanunuliwa wapi?'" Fundi cherehani aliweka bahasha mezani. "Na mimi, mama, nikwambie langu, unifukuze ukitaka. Unachokitafuta hakimo humo ndani ya bahasha. Kimo mdomoni mwako."

Mama Jengo alitaka kumkemea. Huyu alikuwa mpangaji wake, tena mdogo kwake kwa miaka ishirini. Lakini alikosa pa kuuweka uso, akainama akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi ofisi ya halmashauri hufunguliwa hadi saa sita. Alifika saa mbili na nusu. Foleni ilikuwa imejaa wenye majengo wenzake, kila mmoja na mkoba wake wa karatasi, na pembeni, kwenye kiti alichoachiwa kwa heshima ya mvi, alikuwa Mzee Orofa.

"Mama Jengo! Na wewe umekuja kuandikisha wapangaji? Yule wa koridoni ulimmalizaje?"

Mama Jengo alisimama kwenye foleni akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Zamu yake ilipofika alikuta dirisha la kioo kizito lenye kitundu kidogo cha kusemea, na nyuma yake yule yule mkaguzi binti.

Aliinama kwenye kitundu. "Nilisema uongo," alinong'ona.

"Unasemaje, mama?"

"Nilisema uongo."

"Sikusikii. Feni hii inapiga kelele. Inua sauti."

Nyuma yake mtu alikohoa. Mama Jengo akajikaza.

"Nilisema uongo!" alisema, na sauti yake ya sala, ile isiyotetereka, ikajaa chumba chote. "Yule fundi viatu ni mpangaji wangu! Mume wangu alimweka, na mimi nimepokea kodi yake miaka kumi na mmoja! Nilisema simjui nikamtaja na Mungu, na haikuwa kweli!"

Mzee Orofa alifungua gazeti lake akajificha nyuma ya ukurasa.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Hakuonekana kushangaa, na hilo lilimwaibisha zaidi mama kuliko kama angeshangaa.

"Nilikuuliza mara mbili, mama."

"Najua."

"Kwa wapangaji wa zamani wasio na mkataba kuna muda wa nyongeza. Miezi miwili. Unajaza fomu, unamhamisha kutoka njiani, unamwandikisha. Basi. Jengo halifungwi."

"Hakuna faini?"

"Hakuna. Ingekuwa hivyo Jumatatu." Mkaguzi alivuta fomu nyingine, ya rangi ya njano. "Sasa ni jambo jingine, kwa sababu maelezo yako ya kwanza niliyaandika. Jengo litafungwa siku tano, vyumba vyote. Na tangazo litabandikwa mlangoni kueleza sababu. Siwezi kulizuia, mama. Sahihi yako hapa."

Kwa hiyo uongo haukuwa na faida hata ya kidunia. Alikuwa amemtoa mtu kafara ili kukwepa kitu ambacho hakikuwepo, na sasa amekileta mwenyewe kwa mikono yake. Alitia sahihi, herufi kubwa kubwa kama za darasani. Kisha akajaza fomu ya kuandikisha. Penye "sehemu atakayopangishwa" aliandika chumba cha tano, nusu ya mbele, ambapo yeye mwenyewe alikaa mchana na kuweka makorokoro yake. Ilibaki sahihi ya mpangaji. Ikipatikana leo kabla ya saa sita, mkaguzi alisema, bohari itaachia vitu. Jumatatu siku saba zitakuwa zimekwisha, na asubuhi hiyo ndiyo mnada.

Alimkuta Kisigino kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, ameegemea ukuta, mikono imelala mapajani bila kazi. Hakuwahi kuiona mikono yake imetulia. Ilionekana ya mtu mwingine, mikubwa na yenye makovu.

"Karibu, mama mwenye jengo," alisema, akasimama kwa adabu.

"Keti, mwanangu."

"Nimeketi wiki nzima."

Alimpa fomu. Yeye hakuipokea. "Miwani yangu imo kwenye magunia," alisema. "Nisomee."

Mama Jengo alisoma, kidole chini ya mstari. Alisoma namba ya jengo, sehemu, tarehe. Alipofika kwenye mstari wa "maelezo ya mwenye jengo", akasita.

"Endelea," alisema Kisigino. "Hapo umeandika nini?"

"'Nilimkana mpangaji wangu mbele yake mwenyewe,'" alisoma. "'Alikuwa na haki ya kuwepo. Kosa ni langu.'"

Mwenye duka la vifaa alikuwa ameacha kupima misumari, anasikiliza.

"Unajua kilichoniuma?" alisema Kisigino, macho yake barabarani. "Si kusema hunijui. Watu huogopa, hata mimi naogopa askari. Kilichoniuma ni kwamba ulisema kwa haraka. Kama kitu ulichokuwa umekifanyia mazoezi."

Mama Jengo alitamani kukataa. Ulimi ulikuwa tayari umeanza. Akauzuia.

"Nilikifanyia mazoezi," alisema.

Kisigino aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Halafu alinyoosha mkono, akachukua kalamu. "Nionyeshe pa kutia sahihi ili viatu vitoke. Hiyo ya chumba usiniharakishe. Nitafikiri kama nataka kukaa kwako."

"Ukae usikae, nusu hiyo ni yako miezi miwili."

"Nimesema nitafikiri."

Walifika bohari saa sita kasoro dakika kumi. Mtunza bohari alikuwa ameshika kufuli tayari, akawaambia watu kama wao ndio wanaomfanya achelewe chakula cha mchana. Cherehani na chuma walivikodishia mkokoteni uende kwa Kisigino. Gunia moja alibeba Kisigino, la pili akalinyanyua Mama Jengo begani kabla hajakatazwa. Wakapita nayo mbele ya jengo, ambapo askari alikuwa juu ya kiti akipaka gundi nyuma ya tangazo, na wapangaji wamesimama nje, kinyozi akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Fundi cherehani alisoma tangazo kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akamtazama mwenye jengo na gunia lake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

"Siku tano," Mama Jengo aliwaambia. "Sababu ni mimi. Kodi ya siku hizo msinipe."

"Na kichwa changu?" aliuliza mteja wa kinyozi.



Mlango wa kwanza waliobisha ulikuwa wa mhudumu wa hospitali. Kisigino alirudi nyuma hatua moja, akimwachia mama nafasi ya mbele, bila neno. Mlango ulifunguka, na yule mwanamke alipomwona fundi alivuta pumzi ya kuanza tena kelele zake.

"Si yeye," alisema Mama Jengo. Gunia lilimkata bega lakini hakulitua. "Siku ile ulinipa pole ukidhani ni kanuni. Haikuwa kanuni. Mimi nilimkana fundi huyu mbele ya askari, wakachukua viatu vyako. Umemtukana bure. Wa kutukanwa ni mimi."

Mhudumu alimtazama juu hadi chini, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vumbi la miguuni. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia.

"Haya, nimesikia," alisema. "Nina zamu saa nane. Viatu viko wapi?"

Mama Jengo alipiga magoti kwenye kizingiti, akafungua gunia, akaingiza mikono yote miwili kwenye viatu vya watu. Kimoja cheupe alikipata upesi. Cha pili kilikuwa chini kabisa, na ilimbidi atoe vingine vyote, kimoja kimoja, avipange sakafuni huku wote wanamtazama.